Jinsi ya Kugeuza Saiba Yako Iwe Kituo cha Mkulima

Maswali ni yale yale. Nahitaji programu maalumu? Bei za soko nazitoa wapi? Mkulima mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, nitamsaidiaje? Nitoze nini? Yanatoka kwa wenye saiba, vile vibanda vya kompyuta na intaneti, wa Ruai, Mwiki, Kangemi na Dagoretti, na siku hizi hata kwa vijana wa miji ya Kikuyu na Limuru ambao wateja wao huteremsha mboga Nairobi. Nimechoka kuyajibu kwa simu, mmoja mmoja. Majibu ni haya.

La kwanza nikuondolee mzigo: programu maalumu huhitaji. Wazo lenyewe pia si geni. KACE, soko la bidhaa za kilimo lililoanzishwa Kenya mwaka 1997, liliweka vibanda vya habari za soko huko mashinani ili mkulima ajue bei kabla ya kuuza. Wakati huo simu ilikuwa ya wachache. Leo simu iko kila mfuko, na bado mkulima wa robo ekari anauza gizani, kwa sababu bei anayosomewa na pesa anayorudi nayo nyumbani haziko karibu. Kituo chako kitapendwa kikimwambia hiyo ya pili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kompyuta moja inayofanya kazi inatosha. Mbili ni nzuri. Printa yenye skana. Intaneti ya waya kama imefika mtaani kwako, na bando kwenye simu kama akiba, maana siku mtandao ukipotea ndiyo siku mkulima ana gari linasubiri. Betri ya kushikilia kompyuta dakika chache stima ikipotea, ili usipoteze fomu uliyokuwa unajaza.

Halafu vile ambavyo wengi husahau:

- Laini ya simu ya kazi, tofauti na yako binafsi. Wakulima hupiga saa kumi na moja alfajiri, na mke au mume wako hatakuvumilia mwezi mzima.
- Daftari kubwa la jalada gumu, lile la kuhesabia mali dukani. Lahajedwali kwenye kompyuta ni nzuri, lakini daftari halizimiki.
- Ubao mweusi na chaki, nje mlangoni.
- Mizani ya kuning'iniza, ya kidijitali, inayopima angalau kilo 50. Utaona sababu katika hatua ya tatu.
- Nambari ya Lipa na M-Pesa kwa jina la biashara, kwa ajili ya ada zako tu.
- Leseni ya biashara ya kaunti. Kanjo, yaani askari wa kaunti, hawataki kujua kwamba unasaidia wakulima.

Ukulima ndani ya jiji si kosa, ikiwa mteja wako ana hofu hiyo. Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini tangu mwaka 2015.

Hatua ya 1: Andikisha zao na tarehe

Orodha ya majina na nambari za simu haikusaidii kitu. Kila mkulima anayeingia, hata kama amekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho, muulize mambo matano: unalima nini, sehemu kubwa kiasi gani, ulipanda lini, unatarajia kuvuna lini, na huwa unamuuzia nani. Andika kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila zao. Nyanya peke yake, sukuma na spinachi peke yake, managu na terere, mayai, maziwa, kuku wa kienyeji.

Kwa nini ukurasa kwa zao? Siku mwenye hoteli akipiga simu anataka hoho kilo 80 za Alhamisi, hutapekua majina. Utafungua ukurasa wa hoho na kuona ni akina nani wanavuna wiki hiyo.

Mwombe ruhusa kabla ya kuandika, na umwambie nambari yake utampa nani. Sheria ya kulinda data binafsi ya mwaka 2019 inakuhusu hata wewe mwenye kibanda cha mabati. Mzee akikataa nambari yake ipewe mabroka, iwekee alama na uheshimu.

*Kosa la kawaida:* kuandika mkulima anapokuja na mali tayari imevunwa. Hapo umechelewa. Mboga ya majani iliyokatwa asubuhi haina nguvu ya kubishana bei jioni. Mtafute wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna.

Hatua ya 2: Kusanya bei, kila siku ya soko, kutoka sehemu zaidi ya moja

Anza na mfumo wa serikali wa bei za mazao, KAMIS, ulioko kamis.kilimo.go.ke. Unachagua zao na soko, nao unakuonyesha bei ya jumla na ya rejareja. Ni bure. Lakini tazama safu ya tarehe kabla ya kutazama bei. Bei ya wiki mbili zilizopita ni historia, na kwa nyanya hata ya siku tatu ni historia. Mimi huitumia KAMIS kujua mwelekeo, kwamba zao linapanda au linashuka na ni soko gani linalipa zaidi, kisha naipata bei ya leo kwa simu.

Simu hiyo unampigia nani? Unahitaji watu watatu: wawili wanaouza kwa jumla Marikiti, yaani soko la Wakulima, wasiofahamiana sana, na mmoja wa soko jingine ambalo wakulima wako hufikia, kama Githurai, Kangemi au Korogocho. Nenda mwenyewe ukawatafute. Nenda alfajiri mali inaposhushwa, nunua kitu, ongea, omba nambari. Ukiwa pale wakati jua limewaka utakutana na wachuuzi wa rejareja, na bei ya rejareja haimhusu mkulima wako.

Wapigie kama saa mbili asubuhi, msukosuko ukiwa umetulia. Uliza maswali mafupi: kreti ya nyanya imeenda ngapi leo? Mali ilikuwa nyingi au kidogo? Ya kesho unaionaje? Hilo la mwisho ndilo lenye faida. Mtu wa soko anajua magari mangapi yanatoka Loitokitok au Mwea kabla tovuti yoyote haijajua.

Usiombe bei bure milele. Mtumie kredo kidogo mwisho wa wiki, au mletee mkulima mwenye mali safi.

Hatua ya 3: Geuza kila kitu kiwe kilo

Hapa ndipo wakulima hunyolewa bila maji. Bei ya "gunia" haina maana mpaka ujue gunia gani. Sukuma huuzwa kwa gunia ambalo uzito wake unategemea limeshindiliwa namna gani. Nyanya ni kreti, na kreti nayo hujazwa mpaka ikawa na kilima juu. Vitunguu ni neti. Kabichi ni kichwa. Viazi, kanuni za mwaka 2019 zinataka mfuko usiozidi kilo 50, lakini lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, bado inaonekana barabarani, imeshonewa kofia juu.

Ile mizani sasa ina kazi. Mwambie mkulima alete kreti moja au gunia moja kama anavyouza kawaida, mpime naye akiona, muandike. Fanya hivyo mara moja kwa kila zao na utakuwa na jedwali lako mwenyewe: kreti ya eneo hili ni kilo fulani, gunia la sukuma la eneo hili ni kilo fulani. Usinakili uzito kutoka kwa mtu wa mtaa mwingine.

Nimemwona mama mmoja akipima gunia lake la spinachi kwa mara ya kwanza. Alirudia kusoma ile namba kwenye mizani, akauliza kama betri imeisha. Kumbe alikuwa akiuza karibu theluthi zaidi ya alivyodhani, kwa bei ile ile. Wiki iliyofuata alishindilia kwa mkono mwepesi kuliko hapo awali, na hakuna mnunuzi aliyelalamika.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya pesa ya mkononi

Ukiacha hatua hii, afadhali uendelee na fotokopi. Namba ninazotumia hapa ni za mfano tu, ili uone njia. Zako zitatoka kwenye daftari lako.

Tuseme kreti ya nyanya Marikiti ni shilingi 4,800. Mkulima wa Ruai ana kreti 10. Kuna mnunuzi amefika shambani anatoa 4,000 kwa kreti. Mkulima anaona bei ya soko kwenye skrini yako, anahesabu 800 kwa kila kreti, na anaanza kusema broker ni mwizi. Ngoja kwanza.

- Mauzo ya kreti 10: 48,000
- Pikapu: 3,500
- Kupakia na kushusha, 60 kwa kreti: 600
- Ushuru wa soko, 100 kwa kreti: 1,000
- Kamisheni ya dalali wa sokoni, 200 kwa kreti: 2,000
- Za kupondeka njiani, tuseme nusu kreti: 2,400

Gharama ni 9,500. Zinabaki 38,500, yaani 3,850 kwa kreti. Yule wa shambani alikuwa anatoa zaidi, tena mkulima hajaamka usiku wala hajalipa nauli ya kurudi.

Akiwa na kreti tatu tu, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu pikapu haipunguzi bei. Kwa namba hizo hizo anarudi na kama 3,030 kwa kreti.

Sasa waunganishe wakulima watatu wenye kreti kumi kumi, jumla kreti 30 kwenye kanta, lori dogo, la shilingi 7,000. Kupakia 1,800, ushuru 3,000, kamisheni 6,000, hasara 7,200. Zinabaki 119,000, ambazo ni 3,967 kwa kreti. Wamepanda, lakini bado wako chini ya mnunuzi wa shambani! Hapo ndipo wengi wanaoanza hukata tamaa, na ndipo mimi naona kazi yenyewe inaanza. Peleka kreti hizo 30 moja kwa moja kwa wenye hoteli, kamisheni na ushuru wa soko vikae pembeni, na kila kreti inabakisha 4,267 hata kama bei ni ile ile ya Marikiti. Kumwonyesha mkulima bei hakujamwongezea senti. Kumtafutia mnunuzi wa mwisho na majirani wa kujaza gari ndiko kulikomwongezea.

Chapisha fomu ndogo yenye mistari hiyo, ijaze pamoja na mkulima kwa kalamu, umpe aende nayo. Usimwambie auze wapi. Mwachie karatasi na uamuzi uwe wake, maana siku bei ikimgeuka, atakumbuka ni nani aliyemshauri.

Hatua ya 5: Fikisha habari kwa njia anayotumia yeye

Ubao wa nje unasomwa na wanaopita. Andika mazao sita tu, bei kwa kilo, soko, na tarehe. Ukikosa muda wa kubadilisha, futa. Ubao wenye bei ya juzi unakuvunjia jina haraka kuliko ubao mtupu.

Wenye simu janja, kikundi cha WhatsApp kinawafaa, ila wewe peke yako uwe na ruhusa ya kuandika. La sivyo ndani ya wiki moja kitajaa salamu za asubuhi na matangazo ya mikopo.

Wenye kabambe, watumie ujumbe mfupi. Uwe mfupi kweli:

*Habari mzee. Nyanya leo Jumanne: Marikiti 75/kilo, Githurai 70/kilo, jumla. Mali ni nyingi. Hoteli ya Utawala inataka kilo 200 Alhamisi, 68/kilo, analipa akipokea, anachukua shambani. Jibu NDIYO na kilo ulizo nazo kabla ya saa kumi jioni.*

Tazama kilichomo: siku, kipimo, hali ya soko, mnunuzi anataka nini, analipaje, nani anabeba, na mkulima afanye nini sasa. Ukiondoa kimoja utapigiwa simu ishirini.

Kwa wasiosoma, au wazee ambao macho yamechoka, piga. Dakika moja. Au umwombe mtoto wake wa shule asome kwa sauti, wengi hufanya hivyo.

Hatua ya 6: Tafuta wanunuzi

Anza karibu. Hoteli za mtaani, wauza chipsi, shule za msingi za kibinafsi zinazopikia watoto, mama mboga wanaochoka kwenda Marikiti usiku, maduka ya jumla ya mtaa. Tembea kwa mguu ukiwa na karatasi yenye mazao, kiasi kwa wiki na tarehe. Usiwaambie una wakulima wengi. Waambie una spinachi kilo 120 kila Jumatatu na Alhamisi mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Kwa kila mnunuzi andika vitu hivi: anataka ubora gani (mwenye chipsi hataki viazi vidogo wala vilivyoanza kuwa kijani), siku gani, anachukua mwenyewe au anapelekewa, na analipa lini. La kulipa ulize mara mbili. Shule nyingi hulipa karo ikiingia. Mkulima anayehitaji dawa ya mimea wiki hii hawezi kusubiri muhula. Shule wape wakulima wenye uwezo wa kungoja, hoteli zinazolipa papo hapo wape wasioweza.

Swali jipya linaloulizwa sana: mnunuzi anadai ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, na mkulima hana. Marekebisho ya sheria ya kodi ya Desemba 2024 yalimruhusu mnunuzi atoe ankara hiyo mwenyewe kwa mkulima mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 5. Mwambie mnunuzi amuulize mhasibu wake. Wengi hudai ankara kwa sababu tu hawajui njia hiyo ipo.

Picha: piga picha ya mali yenyewe, siku hiyo, gazeti au karatasi yenye tarehe ikiwa pembeni. Usitumie picha ya nyanya zilizong'aa kutoka mtandaoni. Mnunuzi akifika akute vingine, umempoteza yeye na rafiki zake.

Hatua ya 7: Pesa isipitie kwako

Nitasema hili kwa ukali. Usipokee pesa ya mali kwa niaba ya mkulima. Hata kama ni ndugu yako, hata kama laini yake imefungwa. Mnunuzi atume moja kwa moja kwenye simu ya mkulima, naye mkulima ahakikishe salio lake kabla gari halijaondoka. Ujumbe pekee hautoshi, kwa kuwa ujumbe bandia wa M-Pesa unaandikwa na mtoto yeyote mwenye simu. Aangalie salio, na ujumbe wa kweli utoke kwa MPESA, si kwa nambari ya mtu.

Kuna mchezo mwingine. Mtu anatuma pesa kweli, anabeba mali, halafu anaomba muamala urudishwe akidai alikosea nambari. Mkulima akipigiwa na mtoa huduma kuhusu ombi la namna hiyo, aeleze kwamba ni malipo ya mali, na awe na karatasi ya makabidhiano yenye sahihi, kilo, bei na nambari ya gari. Karatasi hiyo unaichapisha wewe kwa shilingi kumi, na ni kinga kubwa. Upande wa pili, mkulima akituma pesa kimakosa, asambaze ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja, kabla mpokeaji hajaitoa.

Hatua ya 8: Huduma nyingine mlangoni hapo hapo

Soko halimleti mkulima kila siku. Hizi ndizo zitakazomleta.

*Mbegu.* Pakiti ya mbegu iliyoidhinishwa ina kibandiko cha kukwaruza cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mbegu na mimea. Anakwaruza, anatuma nambari hiyo kwenda 1393, anajibiwa kama mbegu ni halali. Haihitaji intaneti. Mfundishe mara moja, na umsisitize afanye hivyo akiwa bado mbele ya kaunta ya duka.

*Mbolea ya ruzuku.* Saiba haiwezi kumwandikisha mkulima kwenye rejista ya taifa. Zoezi hilo limepitia kwa machifu na maafisa wa kilimo wa kaunti, na yeyote anayekwambia atakusajilia kwa mia tano anakula pesa. Unachoweza ni kumsaidia kusoma ujumbe wa vocha, kuhakikisha laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, na kumwambia achukue risiti na kupiga picha mfuko. Mwaka 2024 mbolea bandia ilipatikana hata ndani ya mpango wa ruzuku, na aliyekuwa na risiti na picha alikuwa na la kusema.

*Udongo.* Maabara ya taifa ya kilimo ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, hupima udongo na iko Kabete, kando ya Waiyaki Way. Tafuta maelekezo ya kuchukua sampuli, yachapishe kwa Kiswahili, ubandike ukutani. Wakulima wanne wakipeleka sampuli pamoja, mmoja anabeba na nauli inagawanywa.

*Hali ya hewa.* Idara ya hali ya hewa, iliyoko Dagoretti Corner, hutoa utabiri wa siku, wa wiki na wa msimu. Ule wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, uchapishe ukitoka tu na uubandike karibu na ubao wa bei.

*PIN ya KRA.* Hapa uwe mwangalifu. Kumfungulia mtu PIN, nambari ya mlipa kodi, ni dakika chache. Lakini mwenye PIN anatakiwa kuwasilisha taarifa ya kodi kila mwaka kabla ya Juni 30 kuisha, hata kama hana mapato, na akichelewa faini haipungui shilingi 2,000. Saiba nyingi hufungua PIN na kunyamaza. Miaka mitatu baadaye mzee anaambiwa ana deni. Ukimfungulia, andika jina lake kwenye ukurasa wa Juni, na umpigie Mei.

*Nenosiri.* Usiweke nenosiri moja kwa wateja wote, na usiandike barua pepe yako mahali pa barua pepe yake. Mfungulie yake, iandike kwenye kadi ngumu pamoja na nenosiri, akahifadhi na hati za shamba. Picha za vitambulisho ulizoskani, zifute jioni, pamoja na zile zilizo kwenye kikapu cha taka cha kompyuta.

Hatua ya 9: Utatoza nini

Bei kwenye ubao iwe bure. Hesabu ya pesa ya mkononi, fomu na uchapishaji, toza kama kazi nyingine ya saiba. Ujumbe wa kila siku, ada ndogo ya mwezi, kiasi ambacho mkulima hatakifikiria mara mbili. Kwa kuunganisha mnunuzi, ada ya wazi kwa kilo, ijulikane na pande zote mbili kabla ya mali kupimwa, na ilipwe na upande mmoja tu. Ukichukua huku na huku kimyakimya umeshakuwa broker, ila broker mwenye printa. Bandika bei zako zote ukutani.

Usitarajie wakulima walipe kodi ya chumba miezi ya kwanza. Fotokopi, huduma za serikali za eCitizen na fomu za shule ziendelee kukulisha.

Mambo yakikwama

*KAMIS haifunguki.* Tumia simu zako tatu na uandike "bei ya simu" kwenye ubao. Haifunguki siku kadhaa mfululizo? Usijaze pengo kwa kubahatisha.

*Watu wako wa soko wanakupa bei zilizoachana mno.* Huenda mmoja anataja daraja la kwanza na mwingine mchanganyiko. Uliza daraja kwanza, kisha bei. Zikiendelea kuachana, mmoja anakuvuta kwenye mali yake. Tafuta wa nne.

*Neno la siri la mara moja linatumwa kwenye laini iliyopotea.* Mkulima akarejeshe laini ile ile kwa mtoa huduma akiwa na kitambulisho. Asinunue laini mpya na kutarajia eCitizen imfuate. Kama laini ilisajiliwa kwa jina la mtoto wake, aende na mtoto.

*Amelipa eCitizen na mfumo hausomi.* Usilipe tena. Hakikisha kwenye ujumbe kwamba nambari ya malipo ni 222222 na nambari ya akaunti ni ile ya ankara, subiri, ufungue upya ukurasa. Wengi hulipa mara mbili kwa haraka, na kudai pesa irudi ni safari ndefu.

*Wakulima wanasema unashirikiana na mabroka.* Watasema tu, hasa wiki bei ikianguka. Fungua daftari mbele yao, wapigie mtu wa soko kwa spika, wasikie wenyewe. Usibishane.

*Mnunuzi hakutokea, simu yake haipatikani, na mali imeshakatwa.* Kwa hiyo kila agizo liwe na mnunuzi wa pili kwenye daftari, hata wa bei ya chini, na mboga ya majani isikatwe kabla mnunuzi hajathibitisha asubuhi ya siku yenyewe. Imeshatokea? Gawa mali haraka kwa mama mboga wa karibu kwa bei ya jumla kabla ya saa nne, jua halijakaza. Mnunuzi huyo, akirudi na maneno matamu, atoe nusu ya pesa mapema kwenye simu ya mkulima, ama jina lake lipigwe mstari.

*Mkulima mwenyewe amekuangusha, ameuza kando kwa aliyemwongezea shilingi tatu.* Mpigie mnunuzi wewe kwanza, kabla hajakupigia, umpe nambari za wakulima wawili wengine wa ukurasa huo huo. Mkulima usimfokee mbele ya watu. Agizo lijalo mpe kiasi kidogo, na uongeze akilitimiza.